Jeraha la Nafsi na Hazina ya Mwanafunzi: Saikolojia ya Elimu katika Darasa la Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa ualimu aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba maazimio ya kazi, maandalio ya somo na hofu kidogo ya mtahini atakayeketi nyuma ya darasa. Aghalabu huwa amefunzwa ngeli, uakifishaji, nadharia za uhakiki na mbinu za kuamilisha somo. Jambo ambalo huenda likampata katika juma la kwanza, na ambalo hakuandaliwa ipasavyo kulikabili, ni kusahihisha insha na kukuta ndani yake kisa ambacho kwa dhahiri si cha kubuni. Makala haya yanakusudia kueleza mkabala mmoja wa saikolojia ya elimu unaoweza kumfaa mwalimu huyo. Mkabala wenyewe una nguzo mbili: kutambua kwamba mwanafunzi huenda amejeruhiwa nafsini, na kuanza kumfundisha kutokana na kile alicho nacho badala ya kile alichopungukiwa. Hoja yetu ni kwamba nguzo hizi hazitenganiki, na kwamba mwalimu wa Kiswahili yumo katikati ya jambo hili apende asipende.

Mifano yetu tutaielekeza Ngoingwa. Huu ni mtaa wa makazi ulio pembezoni mwa mji wa Thika, katika Kaunti ya Kiambu, kwenye barabara iendayo Mang'u. Tumeuchagua kwa sababu haufanani na mahali ambapo watu hutarajia kukuta majeraha. Kuna nyumba za mawe, malango ya chuma, ua zilizopandwa maua, na shule za kibinafsi ambazo mabasi yake hupokezana barabarani kabla jua halijachomoza. Tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilike kupanuliwa mwaka 2012, wazazi wengi wa Thika, Juja na Ruiru hulala huku na kufanya kazi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mtoto wa nyumba kama hiyo huja shuleni akiwa amevaa sare safi na kubeba chakula kizuri, nasi tukahitimisha kwamba hana tatizo. Lango la chuma huzuia wezi. Haliwezi kuzuia ulevi wa baba, wala talaka, wala kifo cha ghafla.

Suala la istilahi

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, hatuna budi kuanza na neno. Kiingereza kimeazima istilahi yake kutoka Kigiriki, ambako neno hilo lilimaanisha jeraha tu, hata la kisu. Kwa Kiswahili baadhi ya waandishi hutumia kiwewe, wengine mshtuko, na wengine hutohoa na kuandika troma. Kila moja lina upungufu wake. Kiwewe katika matumizi ya kawaida ni hali ya kuchanganyikiwa ghafla kwa ajili ya hofu: mtu huingiwa na kiwewe nyoka anapopita miguuni pake, na baada ya muda kiwewe kikamtoka. Mshtuko nao ni wa papo hapo. Lakini jambo tunalolizungumzia halimtoki mtu kwa wepisi huo. Tukio limepita, ila mwili unaishi kana kwamba bado linatendeka.

Kiswahili hakina ukata wa msamiati wa maumivu ya ndani. Tuna kihoro, ambacho ni huzuni ya kupotelewa na mtu au kitu cha thamani. Tuna jakamoyo, fadhaa, simanzi, bumbuwazi na majonzi. Utajiri huu ni chombo cha kufundishia, kwa sababu mtoto anayejua kutofautisha kihoro na jakamoyo ana njia mbili za kujieleza ambapo mwenzake ana neno moja tu, "stress", ambalo siku hizi hutumika kwa kila kitu kuanzia msiba hadi foleni ya matatu. Katika makala haya tutatumia jeraha la nafsi. Istilahi hii imekaribiana na asili ya Kigiriki, na pia inabeba dhana mbili muhimu: jeraha halikuletwa na aliyejeruhiwa, na jeraha huweza kupona likaacha kovu.

Kwa upande wa pili, neno nguvu halitutoshelezi kwa kuwa shuleni linaelekea mno kwenye mabavu. Uwezo linafaa, lakini limechoshwa na ripoti za mitihani. Tunapendekeza hazina, yaani mali iliyowekwa ambayo mwenyewe huenda hajui kuwa anayo.

Jeraha hufanya nini katika kujifunza

Ubongo una sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutambua hatari. Hatari inapoonekana, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na fikra za taratibu huwekwa kando. Mpangilio huu ni neema kwa anayekimbia simba. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwake kila usiku kuna makelele na vyombo kuvunjwa, kengele hii ya hatari hulia mara nyingi mno hata ikazoea kulia. Matokeo yake ni kwamba asubuhi, mwalimu anapogonga meza kwa rula ili darasa linyamaze, mwili wa mtoto huyo husikia jambo jingine kabisa.

Wanasaikolojia hueleza kwamba kiumbe aliye hatarini hupigana, hutoroka au huganda. Darasani mambo haya matatu hubadilika majina. Anayepigana huitwa mjeuri. Anayetoroka huitwa mtoro, au ni yule anayeomba ruhusa ya kwenda msalani kila kipindi. Anayeganda huitwa mzembe: anatazama ubao, macho yako wazi, na ukimuuliza swali hajui hata ni somo gani linaloendelea. Kumbukumbu inayotuwezesha kushika mwanzo wa sentensi hadi tufikie mwisho wake hudhoofika kengele ya hatari inapolia, na pasipo kumbukumbu hiyo hakuna ufahamu wala ufupisho.

Mnamo 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi uliowahusisha watu wazima zaidi ya 9,500 huko California kuhusu madhila ya utotoni. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepatwa na angalau aina moja ya madhila hayo, na kadiri aina zilivyozidi ndivyo maradhi ya ukubwani yalivyozidi. Kwetu Kenya, David Ndetei na wenzake walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa wanafunzi 1,110 wa shule za upili za umma jijini Nairobi, ambamo tukio lililotajwa zaidi lilikuwa kupokea habari mbaya, likifuatiwa na kushuhudia uhalifu wa kutumia nguvu. Nao uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 24, na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri huo, walitendewa ukatili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 50 anaweza kujipigia hesabu mwenyewe.

Hapa panahitaji tahadhari. Si kila mtoto asiyefanya kazi ya ziada amejeruhiwa. Wengine walikuwa wakitazama mpira. Fauka ya hayo, takwimu za kundi haziwezi kutabiri hatima ya mtoto mmoja. Mkabala huu haumtaki mwalimu awe mpelelezi wa misiba ya watu. Unamtaka abadilishe swali lake la kwanza: badala ya kuuliza "Ana kasoro gani huyu?" aulize "Huyu amepatwa na nini?", na mara moja aongeze swali la pili, ambalo wengi hulisahau: "Na amewezaje kufika hapa hata hivyo?"

Hazina

Swali hilo la pili lina historia yake. Huko Kauai, kisiwa kimojawapo cha Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa wale waliolelewa katika umaskini na ugomvi, takriban thuluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kujitegemea na wenye huruma. Watafiti walipochunguza tofauti yao na wenzao, walikuta mara kwa mara kwamba palikuwapo mtu mzima mmoja aliyemjali mtoto, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwalimu. Mwaka 2001 Ann Masten alisisitiza kwamba ustahimilivu si kipaji adimu cha mashujaa, bali hutokana na mambo ya kawaida: uhusiano mwema, akili inayofanya kazi vyema, imani ya kuwa juhudi huzaa matunda. Mwaka 2004 Christopher Peterson na Martin Seligman wakatoa orodha yao ya tunu 24 za hulka, zikiwemo ujasiri, shukrani, ucheshi na kupenda kujifunza.

Hata hivyo, mkabala wa hazina ukisimama peke yake hupotoka. Humfanya mwalimu amwambie aliyefiwa "jipe moyo", kana kwamba moyo huuzwa dukani. Nao utambuzi wa majeraha ukisimama peke yake humfanya mtoto awe mgonjwa wa kuhurumiwa: hapewi kazi ngumu, haulizwi maswali, na hatimaye hajifunzi chochote. Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa kanzu.

Mfano bora tunaoujua wa kuziunganisha nguzo hizi umetoka barani mwetu. Katikati ya miaka ya 2000, mwanasaikolojia Ncazelo Ncube, mzaliwa wa Zimbabwe, alikuwa akishughulika na watoto waliofiwa na wazazi kutokana na UKIMWI. Wahudumu wengi walilalamika kwamba watoto walipoombwa kusimulia misiba yao walilia, wakarudi pale pale kwenye maumivu, na wahudumu wasijue la kufanya. Kwa kushirikiana na David Denborough wa Australia, akabuni zoezi liitwalo Mti wa Uhai. Kila mtoto huchora mti. Mizizi ni mahali alikotoka, ukoo wake, lugha na nyimbo zake. Ardhi ni mahali anapoishi sasa na mambo ayafanyayo kila siku. Shina ni stadi zake. Matawi ni matumaini yake, majani ni watu anaowathamini, hata kama wamekufa, na matunda ni mambo mema aliyotendewa. Michoro yote hubandikwa ukutani ikawa msitu. Ni baada ya hapo tu ndipo kikundi huzungumza kuhusu dhoruba ambazo hupiga miti, na kuhusu namna wanyama na miti ya msitu hukabiliana nazo.

Utaratibu wa zoezi hili ndio siri yake. Mtoto hafunguliwi kidonda kabla hajapewa mahali pa kusimama. Anapofikia dhoruba, ameshaona mbele ya macho yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba ana mizizi. Isitoshe, dhoruba huzungumziwa kama jambo linaloipata misitu yote, si aibu ya mti mmoja. Msomaji wa fasihi atatambua hapa sitiari ikifanya kazi ambayo maelezo ya moja kwa moja yasingeiweza.

Karibu zaidi na Ngoingwa, Taasisi ya Shamiri iliyoasisiwa na Mkenya Tom Osborn imeendesha vikao vya wanafunzi katika shule za upili za kaunti za Nairobi na Kiambu. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni nzito na wasiwasi. Kwa majuma manne, katika vikundi, walijifunza kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, wakajizoeza kushukuru na kuzitambua tunu zao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza shule ya upili karibuni. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma tu. Programu hii haikulenga majeraha ya nafsi mahususi, lakini inaonyesha kwamba kazi ya hazina hufanyika hata pasipo na mtaalamu mwenye ofisi. Jina lenyewe tunalifahamu: shamiri, kusitawi na kuenea. Sisi wanasarufi tumelizoea zaidi katika shamirisho, na huenda tumesahau kwamba maneno pia huota majani.

Kalamu nyekundu, kitabu teule na lugha ya nyumbani

Tumchukue sasa mwanafunzi wa kufikirika katika shule mojawapo ya Ngoingwa, msichana wa miaka 14. Husinzia katika kipindi cha kwanza. Kazi ya ziada haimalizi. Akiitwa kusoma kwa sauti hunong'ona. Siku moja anapewa insha kuhusu siku ambayo hataisahau, naye anaandika kurasa mbili juu ya usiku ambao polisi waligonga lango kuwaarifu kwamba baba yao amegongwa na gari. Ngeli zimevurugika, nyakati zimechanganyika, aya hakuna. Mwalimu anampa alama 6 kati ya 20 na kuandika kwa wino mwekundu: "Zingatia upatanisho wa kisarufi."

Mwalimu huyu hakukosea kisarufi. Lakini katika uhusiano wake na mtoto, alichofanya ni sawa na mtu aliyeletewa barua ya msiba akairudisha kwa kuwa haikuwekewa stempu. Mkabala tunaoueleza haumwambii aache kusahihisha. Kumwachia mtoto lugha mbovu kwa sababu amefiwa ni kumfiwisha mara ya pili. Unamwambia atangulize jambo moja na kuchelewesha jingine. Pia unamhimiza afikirie upya mada anazozitoa. Kuwalazimisha watoto 50 kwa mpigo kusimulia siku ya huzuni ni kuwachokonoa bila dawa mkononi. Wapewe uchaguzi, uwe wa kweli: siku ya huzuni, au siku nilipomsaidia mtu, au mtu aliyenifunza kazi ya mikono. Kuchagua kwenyewe ni tiba kidogo, maana jeraha la nafsi kwa kawaida hutokana na jambo ambalo mtu hakupewa nafasi ya kulichagua.

Fasihi ni uwanja mwingine. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022. Ndani yake Ridhaa anapoteza aila yake katika moto uliowashwa wakati wa ghasia za uchaguzi. Watahiniwa wa miaka hiyo walikuwa watoto wadogo wakati wa ghasia za mwaka 2007 na 2008, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Ni nani awezaye kusema kwamba hapakuwa na Ridhaa wadogo kwenye madawati? Vivyo hivyo tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoingia baada ya hapo, ina ulevi na ugomvi wa nyumbani ambao baadhi ya wasomaji wake wanaujua kuliko mwalimu. Hatusemi kazi hizi ziondolewe. La hasha. Kazi ya fasihi humpa mwenye maumivu umbali unaomwezesha kusema: anamzungumzia Ridhaa, nafsi ya tatu umoja, na hakuna anayemlazimisha kuivuka mipaka hiyo kuja kwenye nafsi ya kwanza. Mwalimu mwenye busara huliambia darasa siku moja kabla kwamba kesho tutasoma kuhusu moto, wala hamteui mtu kwa ghafla kusoma ukurasa huo kwa sauti. Na swali lake la uhakiki haliishii kwenye "Ridhaa amepoteza nini?" Huendelea: "Ni nini kilichomwezesha kuendelea?"

Jambo la tatu ni lugha ya nyumbani. Mtoto wa Ngoingwa huweza kuzungumza Kikuyu na nyanyake, Sheng na wenzake, Kiingereza na mwalimu mkuu, na Kiswahili sanifu kwenye mtihani. Shule ambazo bado humvisha kibao mtoto aliyeteleza na kusema lugha ya mama humfunza kwamba sauti ya nyumbani kwao ni kosa. Maombolezo mengi huja kwanza katika sauti hiyo. Hakuna hasara mwanafunzi akiandaa rasimu kwa lugha aipendayo, kisha akaihamishia katika Kiswahili sanifu kwa msaada wa mwalimu. Hilo ni zoezi la tafsiri, tena lenye maana kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Kuhusu kiboko tutasema machache. Kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaharamisha adhabu ya viboko pamoja na unyanyasaji wa kiakili. Bado methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hutajwa kila fimbo inapotafutiwa utetezi, ilhali methali yenyewe haina neno lolote kuhusu kumpiga samaki.

Mipaka ya mwalimu

Mwalimu si tabibu. Akigundua kwamba mtoto anadhulumiwa au yumo hatarini, asimwahidi siri asiyoweza kuitunza; amweleze kwa upole kwamba itabidi wamshirikishe mtu wa tatu. Zipo idara za ushauri nasaha shuleni, ingawa mara nyingi mshauri ni mwalimu mwenzake mwenye vipindi vingi kama yeye. Ipo simu ya bure ya 116 kwa ajili ya watoto. Vipo pia vituo vya serikali vya tathmini na nyenzo za elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, kwa watoto ambao ugumu wao wa kujifunza una chanzo kingine kama usikivu hafifu. Uwezekano huo usisahaulike, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri na mtoto aliyeganda kwa hofu hufanana sana wakiwa wameketi safu ya nyuma.

Mwalimu naye ana nafsi. Anayesoma visa vya namna hii muhula hadi muhula bila mtu wa kuzungumza naye atachoka, kisha atakuwa mkali, kisha hatajali. Vyuo vyetu huwatuma wanafunzi kwenye mazoezi ya kufundisha wawili au watatu katika shule moja; ingefaa wakae pamoja mara moja kwa juma, wasijadili maandalio ya somo pekee.

Na yule msichana? Kuna mengi ambayo mwalimu angeyaona kabla ya wino mwekundu. Aliyesinzia kipindi cha kwanza huenda ndiye anayeamka saa kumi kuwatayarisha wadogo zake wawili kabla mama hajapanda matatu ya Nairobi. Hiyo ni mipango, ni uwajibikaji, ni stadi. Kisa chake, pamoja na vurugu zake zote za nyakati, kinaanza na sauti ya lango likigongwa, na wakongwe wa hadithi fupi wangemwonea kijicho kwa mwanzo huo. Katika pambizo mwalimu angeweza kuandika, kwa kalamu ya rangi yoyote: "Nimesoma kisa chako chote. Pole kwa msiba huu. Umeanza kwa sauti, nami nimeisikia. Ukiwa tayari, tuketi tuipange aya ya pili pamoja. Na kama kuna jambo ungependa kuniambia nje ya insha, nipo baada ya chakula cha mchana." Kisha, siku waliyokubaliana, waanze na kiambishi cha wakati uliopita.